Betri Zilizokufa Zisiachwe Kando ya Tana

Betri ndiyo huwezesha umeme wa jua kutumika usiku, na ndiyo inayoendesha bodaboda za umeme zinazoongezeka nchini Kenya. Umeme unaozalishwa nchini ni safi kwa takriban sehemu tisa kati ya kumi: mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Mto Tana umewekewa mabwawa matano ya kufua umeme, kuanzia Masinga hadi Kiambere. Hata hivyo vijiji vingi vya Kaunti ya Tana River havijafikiwa na nyaya za umeme, na tegemeo lao ni sola na betri.

Betri ikifa, usafi huo huishia pabaya. Betri nyingi za sola na za pikipiki za petroli zina madini ya risasi na asidi ya salfa. Zikipasuliwa ili risasi iuzwe kama chuma chakavu, asidi humwagwa chini na vumbi la risasi hubaki uani wanakocheza watoto. Risasi haiozi. Huathiri ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasumisha wakazi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Fedha hizo, hata zikilipwa zote, haziwarudishii watoto afya waliyopoteza.

Mji wa Garsen, kando ya Tana, una hatari ya ziada, nayo ni mafuriko. Maji kama yale ya 2023 na 2024 huzoa kilichoachwa ardhini na kukisambaza kwenye mashamba ya mpunga, malisho na delta, eneo linalolindwa na Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu tangu 2012.

Betri za lithiamu, kama zile za bodaboda za umeme, hazina risasi, lakini zikitobolewa zaweza kuwaka moto. Betri isiyofaa tena kwa pikipiki mara nyingi bado yaweza kuwasha taa za nyumba, ikipimwa na fundi anayeijua.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawabebesha wazalishaji na waagizaji dhamana ya bidhaa zao zinapokuwa taka. Kwa hiyo wakazi wa Garsen, Minjila na Hola wana haki ya kudai kwa pamoja, barazani na katika vikao vya bajeti ya kaunti, kituo cha kukusanyia betri, chenye paa na sakafu ya saruji, kwenye mwinuko usiofikiwa na maji. Vyama vya bodaboda na vikundi vya akina mama viwashurutishe wauzaji kupokea betri kuukuu mteja anaponunua mpya, na pasiwe na nyumba inayomuuzia mpasuaji betri nzima.