Kutwa Mara Tatu: Lugha ya Mgonjwa Katika Hospitali za Umma

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii humtwika mgonjwa lawama zote, kana kwamba yeye peke yake ndiye anayeweza kulificha jambo. Hata hivyo, anayezitembelea zahanati, vituo vya afya na hospitali za umma nchini Kenya hugundua upesi kwamba wagonjwa wengi hawafichi lolote. Huamka alfajiri, wakapanga foleni, wakangoja kwa saa nyingi, na wanapofika mbele ya tabibu huyataja maradhi yao kwa lugha waliyo nayo. Linalofichika ni jibu wanalopewa. Hulibeba nyumbani katika karatasi wasiyoweza kuisoma.

Safari ya mgonjwa ina vituo vinavyojulikana na Wakenya wengi. Kwanza kuna daftari la kununua dukani, halafu dirisha la kuandikishwa, meza ya kupimwa joto na shinikizo la damu, chumba cha tabibu, maabara, tabibu tena, na hatimaye dirisha la dawa. Kila kituo kina foleni yake. Mwishoni, si ajabu mgonjwa kuambiwa kwamba dawa moja ipo na nyingine haipo, hivyo akanunue nje. Mwaka wa 2013 serikali iliondoa ada katika zahanati na vituo vya afya vya umma, lakini ada iliyoondolewa dirishani huweza kumngojea mgonjwa katika duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara. Mwenye kisukari au shinikizo la damu ana mzigo zaidi. Yeye hupewa tarehe ya kurudi, na siku hiyo ikifika huanza foleni upya, hata kama alichojia ni dawa zile zile za mwezi uliopita. Isitoshe, tarehe yenyewe haina dhamana. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, hadi Machi 2017, na ule wa mwaka wa 2024 ukadumu siku 56. Katika vipindi hivyo, kadi za miadi zilibaki kuwa karatasi tu.

Ni kweli kwamba matatizo haya ya uhaba yana mizizi katika bajeti. Mwaka wa 2001, viongozi wa Afrika waliokutana Abuja waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti za nchi zao kwa afya, lengo ambalo Kenya haijalifikia. Kiswahili hakiwezi kuongeza hata kidonge kimoja katika rafu ya hospitali. Lakini maadamu dawa ni chache na foleni ni ndefu, ni dhuluma iliyoje kwamba kidogo kinachopatikana kwa jasho hilo lote kipotee kwa sababu ya maneno!

Mfano wa kwanza ni hiyo tarehe ya kurudi. Kadi huandikwa kwa Kiingereza: siku, mwezi na saa 8.00. Kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili, tangu macheo, saa nane ni baada ya adhuhuri. Kwa aliyeiandika kadi, 8.00 ni saa mbili asubuhi. Mhudumu mwenye haraka akisema tu, "Mama, urudi saa nane," huku akiisoma tarakimu iliyo mbele yake, mama huyo atafika mchana na kukuta kliniki imekwisha na jina lake limeitwa asubuhi. Ataambiwa kwamba amechelewa. Atapewa tarehe nyingine, na kwa mtu ambaye dawa zake zimekwisha, tarehe nyingine ni siku kadhaa bila dawa.

Mfano wa pili ni karatasi ya dawa. Humo mna vifupisho vya Kilatini: b.d. kwa mara mbili kwa siku, t.d.s. kwa mara tatu, nocte kwa usiku. Tabibu na mfamasia huelewana kwa vifupisho hivi, na si vibaya wenye taaluma kuwa na msimbo wao. Tatizo huanza pale msimbo huo unapokabidhiwa mgonjwa, ama unapogeuzwa kuwa "1x3" juu ya bahasha ndogo ya vidonge. Mgonjwa asiyeelezwa hajui iwapo ameze kidonge kimoja mara tatu au vitatu mara moja.

Hata pale Kiswahili kinapotumiwa, hutumiwa kwa mazoea. Maneno "kutwa mara tatu" yamezoeleka mno hivi kwamba hakuna anayeyauliza maana yake. Kutwa, kwa asili, ni muda wa tangu jua kuchomoza hadi linapokuchwa. Ndiyo maana Waswahili husema "kutwa kucha" wanapotaka kuujumuisha mchana na usiku. Mgonjwa anayemeza dawa asubuhi, adhuhuri na jioni kabla ya magharibi amelitii neno kama lilivyo, kisha akakaa takriban saa kumi na mbili bila dawa mwilini kuongezwa. Kumbe tabibu alikusudia kila baada ya saa nane! Na mfasiri akikimbilia kuandika "kila saa nane", anaurudisha utata ule ule wa saa, kwani msomaji aweza kuielewa kuwa dawa humezwa saa nane ya kila siku.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi katika malaria. Mwaka wa 2004 Kenya iliteua dawa ya mseto ya artemetha na lumefantrini kuwa ya kwanza kutumiwa kwa malaria isiyo kali, na ikaanza kuisambaza mwaka wa 2006. Mtu mzima humeza vidonge vinne mara sita katika siku tatu. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza, na zinazofuata humezwa asubuhi na jioni, vema pamoja na chakula chenye mafuta. Aliyeanza saa mbili usiku anapaswa kuamka saa kumi alfajiri. "Kutwa mara mbili kwa siku tatu" haimwamshi mtu saa kumi, wala haimtajii chakula. Vivyo hivyo, dawa ya maji ya mtoto huagizwa kwa "kijiko". Kijiko cha chai hukadiriwa kuwa mililita 5, na kijiko kikubwa mililita 15. Mama asiyeambiwa ni kijiko kipi aweza kumpa mwanawe dozi mara tatu ya iliyokusudiwa, na yeye atakuwa ameitii karatasi.

Chanzo cha haya hakiwezi kuwa ujinga wa Kiswahili pekee. Chini ya mfumo wa 8-4-4, Kiswahili kilikuwa somo la lazima hadi kidato cha nne. Daktari aliyepitia mfumo huo aliandika insha, akachambua ngeli na kukariri methali. Alipoingia chuo kikuu kusomea udaktari, lugha hiyo aliiacha langoni. Hivyo anajua kukanusha sentensi, lakini huenda asitambue tofauti ya kichwa kinachowanga na kichwa chenye kisunzi, kifua chenye kichomi na kifua chenye kiungulia, mguu uliokufa ganzi na jipu linalopwita. Tofauti hizi ni za uchunguzi. Mgonjwa aliyesema kichomi akaandikiwa dawa ya kiungulia amesikika nusu.

Fauka ya hayo, pale lugha inapokatika, hutafutwa mkalimani yeyote aliye karibu. Nyanya aliyekuja kueleza maradhi ya uzazi hujikuta akiyasema kupitia kwa mjukuu wake wa kiume, au mfagizi aliyeitwa kutoka ukumbini. Yapo ambayo mkongwe huyo hatayatamka mbele ya kijana huyo. Hapo ndipo mtu asiyetaka kuficha maradhi hulazimika kuyaficha.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za tiba. Dai hili halina mashiko. Neno UKIMWI liliundwa, likaenea, na hata asiyejua kusoma analielewa, sawa na "dawa za kupunguza makali". TUKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi ya Tiba. Wengine watasema, kwa haki, kwamba wapo wagonjwa wengi, hasa wazee wa mashambani, wasiokijua Kiswahili vilevile. Kwao, lugha ya mama itangulie pale muuguzi anayeijua yupo. Lakini tabibu aliyetoka kaunti moja akafanya kazi katika nyingine huhitaji daraja, na daraja lililo karibu zaidi ni Kiswahili.

Sheria nayo iko upande wa mgonjwa. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupewa habari za kumwezesha kunufaika nazo. Sheria ya Afya ya 2017 inaagiza kwamba mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa serikali za kaunti tangu 2013. Kuchapisha kadi yenye maneno "saa mbili asubuhi" hakuhitaji kungoja Nairobi.

Yanayohitajika si makubwa. Bahasha ya dawa iandikwe saa zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Kijiko kitajwe ni kipi. Vyuo vinavyofunza udaktari, uuguzi na famasia viwe na kozi fupi ya Kiswahili cha tiba. Kozi hiyo haiwezi kutungwa na madaktari peke yao, na hapa ndipo idara na vyama vya Kiswahili vinapoulizwa vimefanya nini. Kwa miaka mingi makongamano yamejadili usanifishaji, na istilahi zilizopendekezwa zikabaki katika majarida. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuipata katika foleni ya kituo cha afya kilicho karibu na chuo chake, kwa idhini ya wahusika na kwa kuilinda siri ya wagonjwa. Akusanye maneno wanayotumia wagonjwa kuyaeleza maumivu yao, ayalinganishe na yale yanayoandikwa na tabibu, kisha ampelekee mfamasia matokeo yake kabla ya kuyahifadhi maktabani.

Foleni itaendelea kuwepo kesho. Lakini anayefika mwisho wake anastahili kurudi nyumbani akijua ameze nini, lini, na arudi saa ngapi.