Ndege ya Markermeer na hesabu ya majina

Usiku wa Machi 29, 1943, zaidi ya ndege 300 za Jeshi la Anga la Uingereza (RAF) ziliondoka kwenda kuushambulia mji wa Berlin. Ndege 21 hazikurudi. Mojawapo ilikuwa Stirling yenye namba BK716, iliyoruka kutoka kiwanja cha Downham Market ikiwa na vijana saba. Ilidunguliwa na ndege ya Wajerumani ikiwa njiani kurejea, ikatumbukia katika maji ya Uholanzi, mahali ambapo leo huitwa ziwa Markermeer. Ikakaa humo miaka 77.

Ikumbukwe kwamba Stirling ilikuwa ndege ya kwanza ya RAF ya kuangusha mabomu yenye injini nne katika Vita Kuu ya Pili. Ilisifiwa kwa wepesi wa kugeuka angani, lakini mabawa yake yalikuwa mafupi mno kwa uzito wake, hivyo haikuweza kupanda juu kama Lancaster na Halifax. Matokeo yake yalikuwa ya kikatili: ilipita chini, karibu zaidi na mizinga ya adui, na wakati mwingine chini ya mabomu yaliyoachiwa na ndege za upande wake yenyewe. Iliondolewa katika mashambulizi dhidi ya Ujerumani Novemba 1943. Kwa vijana wale saba, uamuzi huo ulichelewa kwa miezi minane.

Kati ya watu wapatao 125,000 waliorushwa na kikosi hicho cha mabomu, 55,573 walipoteza maisha. Ni hasara isiyo na mfano katika jeshi la Uingereza, ingawa mnara wao mjini London ulizinduliwa mwaka 2012 tu, kwani mabomu yao yaliua pia raia wengi, na viongozi wa baada ya vita waliona haya kuwasifu.

Mwaka 2019 serikali ya Uholanzi ilianzisha mpango wa kitaifa wa kufukua mabaki ya ndege 30 hadi 50 ambazo huenda bado zina miili ya watu. Mwaka uliofuata ikafika zamu ya BK716. Mitambo iliichota tope ya ziwa, ikachujwa kidogo kidogo kutafuta vipande vya chuma na mifupa. Mabaki ya binadamu yalipatikana. Uingereza yenyewe kwa kawaida huyaacha mabaki ya namna hii yalipo, ikiyahesabu kuwa kaburi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, Waholanzi wana hoja nzito zaidi, maana jamaa wa marehemu hawazuru shimo la tope.

Hata hivyo, vijana hao hawakuwahi kukosa majina. Majina ya wanahewa zaidi ya 20,000 wasio na makaburi yanayojulikana yamechongwa katika mnara wa Runnymede, uliofunguliwa mwaka 1953 na kutunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola.

Hapo ndipo suala hili linapotugusa sisi. Tume hiyo hiyo ndiyo iliyopewa jukumu la kuwakumbuka wapagazi na askari wa Afrika Mashariki waliofia upande wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Ripoti yake ya Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Sanamu za askari za Nairobi na Dar es Salaam hazina orodha ya majina. Wapagazi wameachiwa Kariokor na Kariakoo, vitongoji vilivyopata jina kutokana na kikosi chao.

Haiwezi kusemwa kwamba watu hao hawakujulikana. Wengi waliandikishwa ili walipwe ujira. Nyaraka zilizohifadhiwa na jeshi la Kenya tayari zimeanza kuipatia Tume majina kwa maelfu, bila kuchuja tope ya ziwa lolote. Kilichohitajika ni kufungua makabati. Nao waliobeba mizigo ya Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, wakafia Tanganyika hiyo hiyo, hawamo katika hesabu ya Tume.