Vifaa vya bunduki: dukani huulizwa umri, mpakani huulizwa leseni

KIJANA wa miaka 18 katika majimbo mengi ya Marekani anaweza kuingia duka la silaha na kutoka na darubini ya bunduki, ala ya bastola na vifaa vya kusafishia mtutu, bila sheria ya shirikisho kumuuliza umri wake. Kijana huyo huyo akiomba boksi la risasi za bastola, muuzaji mwenye leseni kwa kawaida hutakiwa kumwambia asubiri hadi atimize miaka 21.

Kwa mfanyabiashara wa Afrika Mashariki anayeagiza bidhaa Marekani, au dereva anayeombwa kubeba kifurushi cha ndugu wa mteja, tofauti hiyo ni rahisi kuielewa vibaya. Kitu kilichouzwa kama nyundo au tochi huonekana hakina masharti. Mpakani mambo ni tofauti kabisa.

Msingi wa kanuni za Marekani ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968. Kwa mujibu wa sheria hiyo, muuzaji mwenye leseni haruhusiwi kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18 bunduki ndefu wala risasi zake. Kwa bastola na risasi zake, umri ni miaka 21. Risasi zinazoingia katika silaha za aina zote mbili, kama zile za .22, zinaweza kuuzwa kwa mwenye miaka 18 iwapo muuzaji ameridhika kwamba ni za bunduki ndefu.

Vifaa vya ziada havikutajwa hapo, na sababu yake ni ya kibiashara kama ilivyo ya kisheria. Sheria hiyo humdhibiti muuzaji kupitia leseni yake, na leseni hiyo inahusu silaha na risasi. Darubini, mkanda au ala inaweza kuuzwa hata na duka la vifaa vya michezo lisilo na leseni ya silaha.

Hata hivyo, si kila kinachoitwa kifaa ni kifaa. Kiunzi cha bunduki, yaani kile kipande chenye namba ya usajili, huhesabiwa kuwa silaha kamili hata kikiwa kitupu, na kwa muuzaji mwenye leseni umri wake ni miaka 21. Kifaa cha kuzuia sauti nacho kimo katika kundi hilo. Kodi ya dola 200 iliyokuwa ikitozwa kwa kifaa hicho ilishushwa hadi sifuri kuanzia Januari 1, 2026, lakini usajili wake haukufutwa. Mfanyabiashara asidhani kwamba kuondoka kwa kodi ni kuondoka kwa udhibiti.

Aidha, umri wenyewe umekuwa ukibishaniwa. Baada ya mauaji ya shule ya Parkland mwaka 2018, jimbo la Florida lilipandisha umri wa kununua bunduki yoyote hadi miaka 21, na Machi 2025 mahakama ya rufaa ilikubaliana nalo. Miezi miwili kabla, mahakama nyingine ya rufaa ilikuwa imeamua kwamba kuwazuia wenye miaka 18 hadi 20 kununua bastola kunakiuka Katiba. Juni mwaka huo, mahakama ya tatu ikaamua kinyume chake. Maduka makubwa kama Walmart nayo yalijiwekea miaka 21 mwaka 2018 kwa silaha na risasi, bila kusubiri bunge.

Malumbano hayo yote yanahusu kaunta ya duka. Mzigo ukishaelekea bandarini au uwanja wa ndege, swali la umri halina uzito tena. Tangu Machi 2020, silaha nyingi za kiraia, vipuri vyake na darubini zake ziko katika orodha ya usafirishaji nje inayosimamiwa na Wizara ya Biashara ya Marekani. Aliyenunua darubini kihalali akiwa na miaka 19 anaweza kuwa mhalifu akiituma nje bila leseni inayotakiwa. Adhabu ya juu kwa kosa la makusudi ni kifungo cha miaka 20 na faini ya dola milioni moja.

Upande wa pili wa safari, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaweka silaha na risasi za Sura ya 93 katika orodha ya bidhaa zenye masharti. Vipuri na vifaa vya bunduki huangukia namba 9305 na risasi 9306. Darubini ikija peke yake ni 9013, lakini ikija pamoja na bunduki yake huhesabiwa katika Sura ya 93. Ala ya bastola ni 4202, kundi moja na mabegi.

Hapo ndipo wengi huweza kujikwaa. Kuwa nje ya Sura ya 93 hakumaanishi kuwa nje ya sheria za silaha za nchi. Nchini Kenya, kwa mfano, tafsiri ya silaha inajumuisha kipuri chake na kifaa cha kupunguza sauti au mwako. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 nayo inagusa vipuri, siyo bunduki nzima pekee.

Hasara kwa msafirishaji ni kubwa kuliko thamani ya kifurushi. Kuingiza bidhaa yenye masharti kinyume cha masharti hayo kunaweza kuleta kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini ya nusu ya thamani ya bidhaa, au vyote viwili. Gari lililobeba linaweza kutaifishwa. Darubini ya dola mia chache inaweza kuondoka na lori zima, pamoja na muda wa wateja wengine wenye mizigo ndani yake.

Risiti ya dukani, kwa hiyo, haitoshi. Kabla ya kupokea mzigo wa namna hii, wakala na msafirishaji wanapaswa kuona kibali cha kutoka Marekani pale kinapohitajika, leseni ya silaha ya mwenye mzigo katika nchi anakokaa, na namba ya forodha iliyoandikwa sawasawa na kilichomo. Kimoja kikikosekana, nauli iliyolipwa mara mbili bado ni ndogo kuliko hasara inayongoja mpakani.