Mastaa, Semeni Bei Yote! Hiyo “Dola 399” ya Meli Haimfikishi Mtu Santorini

Kwa waliokuwa wamelala: staa mmoja wa Bongo, yule mwenye wafuasi wa kujaza uwanja wa taifa mara kadhaa, kaposti video akiwa juu ya meli ya kitalii kule Ugiriki. Gauni jeupe, miwani mikubwa, glasi mkononi, na nyuma yake nyumba nyeupe za Santorini zimepangana juu ya jabali. Chini kaandika maneno machache: “Dola 399 tu wiki nzima, kula na kulala. Mnangoja nini? Mchekini huyu.” Jina la wakala likafuata.

Komenti zikamiminika. “Dada umetisha.” “Kumbe ni milioni moja tu jamani!” “Mwakani na mimi nipo.” Mioyo na vimoto vikajaa.

Sasa hapo kwenye “milioni moja tu” ndipo pa kusimama. Hiyo bei si bei. Aliyeiposti anajua si bei, kwa sababu yeye hakuilipa. Safari ilikuwa promo. Kapelekwa, kalishwa, kapewa chumba chenye kibaraza cha kutazama bahari, kisha karudi kuwauzia watu bei ya chumba kisicho hata na dirisha.

Si dhambi staa kula bata kwa promo. Hiyo ni kazi yake, na mjini kila mtu ana kazi yake. Dhambi ni kutosema. Mtu anayemwona kila siku kwenye simu anamwamini kuliko anavyoamini tangazo. Staa anauza ule uaminifu, halafu bili inamwendea shabiki.

Na bili imeshawafika watu. Mabinti wanne wa kikoba kimoja cha Sinza walimcheki huyo wakala siku hiyohiyo. Mmoja ana saluni, mmoja anauza mitumba mtandaoni, wawili wameajiriwa. Walitaka kusherehekea miaka mitano ya kikoba chao. Wakatuma advansi ya dola 150 kila mtu, bila kuuliza kama inarudi. Haikuwa inarudi. Siku chache baadaye ikaja ankara kamili, na kila kichwa kilikuwa kinadaiwa zaidi ya mara mbili ya ile 399, kabla ya viza na ndege. Wakarudi kwenye posti kuuliza. Kimya. Waliporudia kuuliza, wakazuiwa kukomenti.

Hesabu ambayo haikupostiwa

Tuipige hesabu taratibu, maana ndiyo inayofichwa. Chukua mfano wa watu wawili, chumba kimoja, usiku saba.

Kwanza, bei ya meli karibu zote hutajwa kwa mtu mmoja, na kwa masharti kwamba chumba kina watu wawili. Kwa hiyo 399 ni 798 kwa chumba. Ukienda peke yako, mara nyingi unalipia na kitanda kisicho na mtu, yaani nauli unaibeba yote.

Pili, kodi na ada za bandari. Weka dola 130 kwa mtu kama mfano. Imefika 1,058. Na zinapanda: tangu Julai 1, 2025, Ugiriki inatoza euro 20 kwa kila abiria wa meli ya kitalii anayeshuka Santorini au Mykonos kati ya Juni na Septemba. Ukishuka visiwa vyote viwili ni euro 40, hujanunua hata maji.

Tatu, bakshishi. Hapa wengi wanapigwa na butwaa, maana kwetu bakshishi ni hiari ya mtu. Kwenye meli za kampuni kubwa za Kimarekani inaingizwa kwenye bili yako moja kwa moja, kati ya dola 16 na 20 hivi kwa mtu kwa siku. Weka 18, mara siku saba, mara wawili: dola 252. Jumla 1,310.

Nne, intaneti. Na shabiki wa staa ataendaje Santorini asiposti? Weka dola 20 kwa siku kwa simu moja tu: dola 140. Jumla 1,450, yaani dola 725 kwa kichwa. Bado hujanywa soda.

Tano, vinywaji. “Kula na kulala” ni kweli, chakula cha kawaida kimo ndani ya nauli. Lakini soda, juisi nzuri, kokteli na kahawa ya maana vinalipiwa. Kifurushi cha vinywaji kwa dola 80 kwa siku ni dola 1,120 kwa wawili, na kampuni kadhaa zinataka watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue, hata kama mmoja hanywi pombe. Ukikichukua umefika 2,570. Ile 399 imekuwa 1,285 kwa mtu.

Hapo ndege haimo. Hoteli ya kulala Athens usiku mmoja kabla ya meli haimo. Bima haimo.

Na viza je?

Hili ndilo linaloudhi zaidi, kwa sababu staa ana pasipoti ileile ya wafuasi wake. Yeye viza kashughulikiwa na waliompeleka. Mtu wa kawaida anapanga foleni na taarifa za benki za miezi kadhaa.

Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Halafu kuna mtego ambao wakala wengi hawautaji: meli nyingi za visiwa vya Ugiriki hupitia pia Kuşadası, Uturuki. Meli ikifika Uturuki imetoka Schengen, ikirudi Ugiriki imeingia tena. Viza ya kuingia mara moja haitoshi hapo, na Uturuki nayo ina masharti yake. Usipokuwa na karatasi zote, hata ngazi ya meli huipandi, na pesa yako inabaki kwao.

Nini kingemgharimu staa kuandika mstari mmoja: “Ulizeni viza kwanza, kabla ya kutuma advansi”? Maneno saba. Mabinti wa Sinza wangebaki na hela yao.

Utetezi wa machawa

Machawa wameshajibu, na majibu yao ni matatu.

La kwanza: “Wivu tu huo, tafuteni hela.” Sawa. Lakini mabinti wa kikoba wametafuta hela, ndiyo hiyo wameipoteza. Aliyetoka jasho kwa dola 150 hana haja ya kufundishwa kutafuta.

La pili: “Bei imeandikwa kwenye tovuti, mtu asome mwenyewe.” Hata huko zinakotoka hizi meli hoja hiyo imekataliwa. California ilipitisha sheria iliyoanza Julai 1, 2024, inayotaka bei inayotangazwa iwe na ada zote za lazima. Kampuni kubwa za meli zikaanza kuonyesha bei yenye kodi na ada za bandari kwa wateja wa Marekani nzima, ingawa bakshishi bado inakaa pembeni. Kampuni yenye mabilioni imelazimika kuandika bei yenye ukweli zaidi, halafu mtu mmoja mwenye simu anashindwaje?

La tatu ndilo lina mashiko kidogo: “Bei zimepanda kila mahali, kosa si la staa.” Ni kweli zimepanda, na sababu zinajulikana. Machi 2020 meli zilisimama dunia nzima kwa sababu ya korona, na kampuni zikaishi kwa kukopa. Deni la Carnival peke yake lilivuka dola bilioni 30. Deni hilo linalipwa na nauli za leo. Abiria nao wamerudi kwa fujo: milioni 29.7 mwaka 2019, wakafika milioni 34.6 mwaka 2024. Viwanda vya Ulaya vinavyoweza kuunda meli kubwa kiasi hicho ni vichache, kwa hiyo meli haziongezeki kwa kasi ya watu. Na soko limeshikwa na vigogo wachache, Carnival, Royal Caribbean, Norwegian na MSC. Ukiikimbia Princess ukaenda Costa, bado uko mfukoni mwa Carnival.

Kwa hiyo bei kupanda si kosa lake. Lakini bei inapopanda ndipo “kuanzia” inapozidi kuwa mtego. Nauli ya chini kabisa inaachwa ing’ae kwenye tangazo, na nyongeza zinawekwa nyuma yake. Mwenye sauti kubwa anatakiwa aseme zaidi wakati kama huu. Tena video ilipigwa Julai, msimu wa watu kujaa, wakati 399 ni bei ya meli isiyo mpya, chumba cha ndani, mwezi wa watu wachache. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Alichopaswa kuwaambia

Meli inaweza kuwa na thamani nzuri, tena kuliko hoteli nyingi za ufukweni, kwa anayejua kununua. Haya yote wanaosafiri mara kwa mara wanayajua, na staa angeweza kuyasema kwa sekunde thelathini:

– Usilinganishe “kuanzia”. Omba bei ya mwisho kwa maandishi, ikiwa na kodi, ada za bandari na bakshishi, kisha gawa kwa idadi ya usiku na watu. Namba hiyo ndiyo ya kulinganisha.

– Uliza kama advansi inarudi, kabla ya kuituma. Ikiwa inarudi, nunua mapema na uendelee kuchungulia bei. Ikishuka kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho, ambayo mara nyingi ni miezi mitatu hivi kabla ya safari, kampuni nyingi hukubali kukurekebishia. Wasioomba hawapewi.

– Januari hadi Machi ndio msimu wa ofa. Mara nyingi nauli haishuki sana, ila unaongezewa intaneti au vinywaji. Pokea ofa ya kitu ambacho ungekinunua hata hivyo, si cha kukushawishi.

– Kimbia likizo za shule, Krismasi na Pasaka. Meli ya zamani, chumba cha ndani, Aprili au Novemba: bahari ni ileile.

– Vifurushi na matembezi vinunue kabla ya kupanda, au shuka bandarini utembee mwenyewe. Ila chunga muda. Meli haimsubiri aliyechelewa.

– Na kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, tazama kusini. MSC imekuwa ikiendesha safari fupi kutoka Durban, msimu wa Novemba hadi Aprili, kwenda Pomene kule Msumbiji. Mtanzania anayekwenda kutembea kwa muda mfupi haombi viza Afrika Kusini wala Msumbiji. Ndege hadi Durban utalipa, bakshishi utalipa, lakini euro 90 za kunyimwa hazipo, wala mtego wa kuingia mara mbili. Haina nyumba nyeupe za Santorini. Ina usiku tatu au nne baharini ambazo mtu wa kikoba anaweza kuzifikia kweli.

Hiyo ya mwisho staa hawezi kuiposti kwa sababu hakuna aliyemlipa kwa ajili ya Pomene. Na hapo ndipo picha nzima inapoonekana: kilichopendekezwa si kilicho bora kwa shabiki, ni kilicholipiwa.

Anachodaiwa sasa ni kidogo. Aandike neno “tangazo” juu ya video yake. Aweke bei yote. Na awafungulie komenti wale mabinti wanne, awasaidie kumbana wakala aliyewatambulisha yeye mwenyewe. Jina lake ndilo lililowafanya watume hela bila kuuliza.

Kikoba cha Sinza kimeanza upya kuweka. Safari hii, wamesema, wanaanza na swali la advansi. Wadau, nani mwingine katumiwa ankara isiyofanana na posti? Wekeni namba zenu hapo chini, na ile ya kwanza mliyoambiwa, na ile ya mwisho mliyolipa.