Tuache Kuwafundisha Watoto Kwamba Sijda Inatoa Umeme Mwilini



Ndugu zetu wasomaji, wazazi pamoja na wanafunzi, leo tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Kwa miaka mingi tumewafundisha watoto wa madrasa kwamba mwili wa binadamu hukusanya umeme mbaya mchana kutwa, na kwamba mtu akiweka paji la uso chini katika sijda umeme huo hushuka ardhini na moyo ukapata nafuu. Maneno hayo tuliyapata katika karatasi iliyochapwa kutoka barua pepe, miaka ile ya 2000 ambapo karatasi za namna hiyo zilipita mkono kwa mkono baada ya Swala ya Ijumaa. Ilimtaja mwanasayansi mmoja asiye Muislamu, bila jina lake, bila chuo chake, bila mwaka. Hatukuuliza. Yalitupendeza, tukayaandika ubaoni. Siku hizi maneno yale yale yanazunguka kwenye WhatsApp, yamewekewa picha na qaswida kwa nyuma.

Aliyetuzindua ni mzee wetu mmoja wa msikitini hapa Buyenzi, mtu wa safu ya kwanza, Allah amhifadhi. Alikuwa ameanzishiwa vidonge vya presha, na tangu hapo kila akiinuka kutoka sijda alikuwa anaona giza machoni. Hakumwambia mtu. Usiku mmoja wa tarawehe, tulipoinuka kwa rakaa ya pili, yeye alianguka. Hapo nasi tukaongeza kosa juu ya kosa: wawili wakamshika makwapani, tukamkalisha kitini ili apate upepo. Akazirai tena pale pale kitini. Kijana mmoja muuguzi aliyekuwa safu za nyuma akapita katikati ya watu akisema, "Mlazeni! Mlazeni chini, muinue miguu yake." Haikupita dakika mzee akafumbua macho na kuuliza imamu amefika rakaa ya ngapi.

Baadaye tulimuuliza kwa nini hakuswali amekaa ilhali alikuwa anajihisi hivyo kwa wiki tatu. Akasema, "Mwalimu, si nyinyi mliosema sijda inatoa umeme mbaya moyoni? Mimi nikadhani ndio unatoka."

Jibu hilo lilitunyima usingizi. Tukaenda naye hospitali, na tukarudi tena peke yetu kuuliza, kisha tukasoma. Tunayoyaandika hapa ndiyo tuliyopaswa kuyajua kabla ya kushika chaki.

Umeme wa moyo upo kweli, wala si uchafu wa kumwagwa. Juu ya moyo, upande wa kulia, kuna kijisehemu kidogo kinachotoa msukumo wa umeme mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia, na kila msukumo ni pigo moja la moyo. Umeme huo unatokana na chumvichumvi za mwilini, yaani sodiamu, potasiamu na kalsiamu, zinazoingia na kutoka katika chembe hai za moyo. Unaofika juu ya ngozi ni kama milivolti moja tu, na betri ya tochi ina nguvu mara 1,500 ya huo. Sasa fikirini: kama kweli sijda ingeutoa umeme huu na kuumimina ardhini, moyo ungesimama.

Ule umeme mwingine unaotoa cheche mtu anapovua sweta la nailoni siku ya ukavu ni wa juu ya ngozi. Unaondoka mtu akishika kitasa cha mlango, awe na udhu au asiwe nao. Tena kujisugua na zulia la nailoni huweza kuuongeza badala ya kuupunguza, na misikiti yetu mingi imetandikwa mazulia ya namna hiyo! Hauhusiani na mapigo ya moyo.

Hata hivyo mkao wa mwili una athari kwa umeme wa moyo, na athari hiyo imechunguzwa na watu wanaojulikana kwa majina yao. Mholanzi Willem Einthoven, aliyezaliwa Semarang katika kisiwa cha Java, ndiye aliyetengeneza mwanzoni mwa karne ya 20 mashine ya kuchora umeme wa moyo kwa usahihi. Mashine ile ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na mgonjwa alitumbukiza mikono yake miwili na mguu mmoja katika ndoo za maji ya chumvi. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Kabla ya hapo, mwaka 1913, yeye na wenzake Fahr na de Waart walikwisha kuandika jinsi mahali moyo ulipokaa kifuani panavyobadilisha umbo la mchoro.

Sababu yake inaeleweka hata na mtoto wa darasa la sita. Moyo haukupigiliwa misumari kifuani. Unakaa juu ya msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Mtu akilala chali, tumbo hupanda na kuusukuma, nao ukalala zaidi. Akisimama, unashuka na kuning'inia. Akilalia ubavu wa kushoto, unaegemea kushoto. Vibandiko vya waya vimebaki pale pale kwenye ngozi, lakini chanzo cha umeme kimesogea. Ni kama kukaa kwenye mkeka ule ule huku mtu anaihamisha taa chumbani: kivuli chako kitabadilika ingawa wewe hukusogea. Ndiyo maana muuguzi aliyempima mzee wetu kwa kipimo hicho, kinachoitwa ECG, alimlaza, akamwambia atulie na asizungumze. Mzee alilalamika mgongo unamuuma, akaomba akae. Sisi pia tulidhani muuguzi ana ukali usio na maana. Kumbe kuna watu wazima wa afya ambao wakisimama tu, mawimbi fulani ya mchoro wao hulala au hupinduka, na daktari akilinganisha mchoro wa kulala na wa kukaa bila kuambiwa anaweza kuona ugonjwa usiokuwepo.

Kuna na jambo la pili, nalo ndilo lililomwangusha mzee. Mtu anaposimama, kati ya nusu lita na lita nzima ya damu hushukia miguuni na tumboni. Katika mishipa mikubwa ya shingo na ya kifua kuna vihisi vinavyotambua kwamba presha inataka kushuka. Vinapeleka habari kwenye ubongo, na kile kijisehemu cha umeme kinaongeza mwendo, kwa kawaida mapigo 10 hadi 20 zaidi kwa dakika, huku mishipa ya damu ikijibana. Yote hayo hutokea kabla mtu hajamaliza kufunga mikono. Lakini uzee, baadhi ya dawa za presha, kuharisha, joto kali na kukosa maji huudhoofisha mpango huu. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika tatu za kusimama, madaktari huhesabu hiyo kuwa ni tatizo linalohitaji kushughulikiwa. Mzee alipimwa amelala, kisha amesimama, na tofauti ikaonekana pale pale.

Kutoka sijda hadi kisimamo ni safari ndefu kwa damu. Sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi tunacho kikao cha mapumziko, kile kikao kifupi baada ya sijda ya pili kabla ya kuinuka, na ni sunna ambayo wengi wetu tunairuka kwa haraka zetu. Mkono ulitaka kuandika kwamba hekima yake ni presha. Tumejizuia. Hatuna ushahidi wa hilo, na ndivyo tulivyoanza kupotea safari ile.

Wanaopenda kusikia kwamba mkao unaweza kutibu, basi upo mfano wa kweli. Kuna maradhi ambayo umeme hupata njia ya mkato sehemu za juu za moyo, ukazunguka na kuufanya moyo uende mbio ghafla. Mwaka 2015 madaktari wa Uingereza walichapisha utafiti wa wagonjwa 428 wa namna hiyo. Wote waliambiwa wapulize kwa nguvu sekunde 15. Nusu yao walibaki katika mkao wao wa nusu kukaa. Nusu nyingine, mara tu baada ya kupuliza, walilazwa chali na miguu yao ikainuliwa. Baada ya dakika moja, katika kundi la kwanza waliorudi katika mapigo ya kawaida ni asilimia 17, na katika kundi la pili asilimia 43. Ilitosha kulaza kiwiliwili na kuinua miguu, hospitalini mbele ya daktari. Angalieni tofauti ya habari hii na karatasi yetu: huku kuna mwaka, kuna idadi, na kuna kundi la kulinganisha.

Wapo walimu wenzetu waliotukasirikia. Wamesema tunawapunguzia watoto hamu ya ibada, na kwamba hata kama maneno hayo si sahihi, yana madhara gani ikiwa mtoto ataipenda sijda? Madhara tumeyaona yakianguka zuliani. Na yapo mengine yanayokuja polepole: mtoto huyo atafika sekondari, atasoma umeme katika fizikia, ataona mwalimu wake wa chuoni alimdanganya, kisha atajiuliza na mengine aliyomfundisha je? Sijda tunaisujudu kwa sababu tumeamrishwa. Na huyo huyo aliyetufundisha ndiye aliyemwelekeza Imran bin Huswayn, alipokuwa na maradhi ya bawasiri, kwamba aswali amesimama, asipoweza akae, na asipoweza alale ubavu. Mzee wetu alikuwa na ruhusa hiyo mkononi tangu siku ya kwanza. Karatasi yetu ndiyo iliyomfanya aione kuwa ni hasara.

Wanaodhani dini na tiba haziwezi kukaa katika kichwa kimoja wamkumbuke Ibn al-Nafis, aliyefariki mwaka 1288. Alikuwa tabibu, na alifundisha fiqhi ya Kishafi huko Cairo. Ndiye aliyesema damu hupita mapafuni kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto, akampinga Galen aliyefuatwa kwa karne nyingi.

Madrasani somo lile tumelifuta. Badala yake tuliwalaza watoto mkekani dakika tano, wakahesabu mapigo ya mkononi, kisha wakasimama na kuhesabu tena. Karibu wote mapigo yaliongezeka, na kelele ilikuwa kubwa. Tukawafundisha pia kwamba mtu aliyezirai na bado anapumua hulazwa, hakalishwi. Na kwamba mtoto anayezirai wakati anakimbia apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda kasoro iko katika umeme wenyewe wa moyo.

Mzee hakuacha vidonge, daktari alimbadilishia dozi. Sasa anaswali juu ya kiti, mwisho wa safu ile ile ya kwanza, na asubuhi hukaa kidogo ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama.

Ile karatasi bado tunayo. Ikiwa yupo mwenye nakala yenye jina la mtafiti, chuo chake na mwaka, atuletee madrasani baada ya Alasiri, nasi tutaisoma mbele ya wanafunzi na kumjibu katika kurasa hizi, insha-Allah.

Wabillahi tawfiq.