Kula njiani bila kumaliza mfuko

Juma hili tuzungumze juu ya chakula cha njiani.

Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54 hivi. Lakini mvua ikinyesha safari inarefuka, na watoto wanaanza kulia njaa kabla hata ya Maboya.

Utajuaje mahali pazuri? Kwanza, angalia pale madereva na wamotari wanapokula. Wao wanapita kila siku. Chakula kikiwaumiza tumbo, hawarudi. Pili, angalia ndoo ya kunawia mikono. Ebola ya 2018 mpaka 2020 ilitufundisha sote kunawa. Ndoo ikiwa kavu, jiulize sahani zinaoshwa na nini, kisha endelea na safari.

Agiza kinachotoka kwenye moto: bugali na sombe, maharagi, ao samaki ya ziwa Edward. Nyama iliyopikwa asubuhi ikakaa wazi, iache, zaidi sana ukiwa na mtoto mdogo.

Uliza bei mbele ya kukaa, na uulize kama samaki inahesabiwa pamoja na bugali ao pembeni. Mara nyingi sahani moja inatosha watoto wawili; omba tu sahani ya pili tupu.

Lakini tusibishe bei mpaka mama mpishi akose faida. Makala ananunua, maji ananunua, na pesa ile ndiyo masomo ya watoto wake.

Safari njema, na mufike kabla ya usiku.