Bukavu: dawa ya tapi ya kujitengenezea inasaidia, lakini si kila kitu kinachanganywa

Tangu Februari 2025, wakati AFC/M23 iliingia Bukavu, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama. Feza ya mkononi imekuwa shida, na ile kidogo inayopatikana inaenda kwanza kwa unga na makala. Dawa ya mashini ya kufua tapi, inayotoka inchi za inje, inabaki kitu cha mwisho kununua.

Lakini tapi inachafuka kila siku. Matope ya mvua yanaingia na viatu, mtoto anakojoa, wageni wanakuja kwa kilio. Ndiyo maana wengi, ndani ya nyumba, kwenye makanisa na kati ya vijana wanaofua tapi kwa kulipwa, wanajitengenezea dawa yao.

Je, inafaa? Ndiyo. Kinachosafisha ni maji ya moto kiasi, sabuni kidogo na brosi. Kijiko kimoja cha sabuni ya maji kinatosha kwa ndoo ya litre tano. Kwa mashini, mtu apunguze tena, sababu povu ikipanda mpaka kwenye mota, mashini inakufa. Na sabuni yenye kubakia ndani ya tapi inashika vumbi: kisha siku chache tapi inakuwa chafu kuliko mbele. Katika mji ambamo robine za Regideso zinakauka mara kwa mara, sabuni nyingi ni hasara mara mbili, juu inaomba maji mengi ya kusuuza.

Shida kubwa ni mazoea ya kuchanganya. Wengi wanazani vitu vitatu vikali pamoja vinakuwa na nguvu mara tatu. Si hivyo. Bikarbonate na siki (vinegre) vinatoa povu nyingi, lakini vinauana. Kinachobaki ni karibu maji na chumvi tu. Siki ikikutana na sabuni ya kipande, ile ya mafuta ya mawese, inaikatakata na kurudisha mafuta juu ya tapi. Basi kila kimoja kwa zamu yake: bikarbonate kavu inanyunyizwa usiku kwa kuondoa harufu, asubuhi inafagiwa, kisha maji ya sabuni, mwisho maji safi yenye siki kidogo.

Mchanganyiko wa javeli ndio unaweza kuua. Javeli pamoja na siki ao ndimu inatoa gazi ya klori, ile ile jeshi la Ujerumani lilitumia kama silaha kule Ypres, Ubelgiji, mu Aprili 1915. Javeli juu ya mkojo wa mtoto, nayo inatoa gazi inayochoma mapafu. Ndani ya chumba kidogo chenye madirisha yamefungwa juu ya baridi, mtoto mchanga ndiye anaumia wa kwanza. Zaidi ya hayo, javeli inaondoa rangi ya tapi na kula sufu.

Mtu akisikia macho na koo vinachoma, atoke inje mara moja pamoja na watoto, aache milango wazi, na kama kifua kinabana aende kituo cha afya.

Jambo lingine: dawa isiwekwe ndani ya chupa ya Fanta. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma alama. Kupunguza gharama ni akili, lakini faranga zilizookolewa kwa tapi zisiishie hospitalini.